Google App Engine kwa mifumo midogo: nimeitumia kwa vyama vya akiba, na bado naitetea

Mifumo ninayotengeneza hapa Mombasa ni ya vyama vya akiba: kina mama wa Likoni, madereva wa tuktuk, walimu wa Kisauni. Kazi yake haina usawa. Mchana kutwa pengine hakuna anayeufungua mfumo, kisha mwisho wa mwezi, baada ya magharibi, michango inaingia kwa mkupuo na kila mweka hazina ameshika simu. Kwa kazi ya namna hiyo sijaona huduma inayonifaa kuliko Google App Engine, huduma ya Google ya kuendesha programu mtandaoni, ile ya aina ya standard.

Ilizinduliwa 2008 ikiwa na Python peke yake. Siku hizi inapokea pia Java, Go, PHP, Node.js na Ruby. Wewe unaleta programu yako, mashine wanazitunza wao. Maagizo yote yanakaa kwenye faili moja iitwayo app.yaml. Kwa Flask (zana ya kujengea mifumo ya wavuti kwa Python), ukiandika runtime: python312, ukaweka requirements.txt (orodha ya maktaba unazotumia) kando na main.py yenye app ndani yake, amri ya gcloud app deploy inatosha kuuweka mfumo hewani. Anwani ya appspot.com unayopewa tayari ina HTTPS, na ukileta jina lako mwenyewe, cheti kinatolewa na kuhuishwa bure. Kwangu hilo ni jambo kubwa, maana Daraja ya Safaricom, mlango wa kuunganisha mfumo na M-Pesa, hutaka uthibitisho wa malipo upelekwe kwenye anwani ya HTTPS.

Kinachonifanya nisihame ni matoleo. Ukiongeza --no-promote kwenye amri ile, toleo jipya linapanda na kupata anwani yake lenyewe, huku wanachama wakiendelea kutumia la zamani bila kuhisi lolote. Namtumia mweka hazina anwani hiyo kwa WhatsApp, naye anaifungua kwenye simu yake ileile ya kila siku, kwa bando lake, anaangalia kama jumla ya mwezi inalingana na daftari. Akiridhika, nahamisha watumiaji sehemu ndogo kwanza, halafu wote. Likijitokeza tatizo nawarudisha kwenye toleo la zamani papo hapo, kwa kuwa halijafutwa. Pesa za watu zinataka utulivu wa namna hii. Mtu aliyechangia kwa jasho lake hapaswi kukuta salio limepotea eti kwa sababu fundi alikuwa anajaribu kitu.

Sasa gharama. Programu yako huendeshwa kwa nakala, moja au zaidi kulingana na wingi wa watumiaji, na saa za nakala zote hujumlishwa. Kuna saa 28 za bure kwa siku kwa nakala za daraja la F1, ambazo ni ndogo, MB 384 za kumbukumbu kila moja. Pasipo na mtumiaji nakala zinazimwa hadi sifuri, na picha na faili za mwonekano ukizitangaza kama static_dir zinatolewa bila kuiamsha programu yako. Lakini tafadhali, kabla ya mfumo wa kwanza kupanda, andika max_instances, yaani kikomo cha idadi ya nakala, kwenye app.yaml. Tahadhari ya bajeti unayoweka kwenye akaunti hukuletea barua pepe tu, haizimi chochote. Bili inakuja kwa dola, na chama cha watu ishirini hakina mahali pa kuitoa.

Kuzimwa huko kuna bei yake. Anayefika wa kwanza baada ya kimya anasubiri programu iamke, na F1 haina haraka. Mwanachama akilipa Paybill moja kwa moja kutoka menyu ya M-Pesa, uthibitisho unaweza kuikuta programu imelala. Dawa ninayoipendelea ni kuifanya programu iwe nyepesi kuamka: maktaba nzito ya kutengeneza ripoti isipakiwe mwanzoni, ipakiwe ripoti inapoombwa. Unaweza pia kuweka min_instances: 1, ili nakala moja ibaki macho daima, ila ujue nakala hiyo inakula saa 24 kati ya zile 28, na zinazobaki haziendi mbali jioni ya mwisho wa mwezi.

Diski haiandikiki isipokuwa /tmp, na hiyo nayo inakula kumbukumbu ya nakala yenyewe. Kwa hiyo SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili la diski, isahau, na risiti za PDF zipeleke Cloud Storage, ghala la mafaili la Google. Hifadhidata ya Cloud SQL, ya Google pia, inalipiwa muda wote ikiwa imewashwa hata kama hakuna anayeuliza kitu, na kwa mfumo mdogo inaweza kuzidi gharama ya programu yenyewe. Vyama vyangu nimeviweka Firestore, hifadhidata nyingine ya Google, yenye usomaji 50,000 na uandishi 20,000 wa bure kila siku. Chama hakifiki hapo hata kikiwa na wanachama wenye wasiwasi wa kuangalia salio kila saa.

Jambo ambalo siwezi kulisamehe kirahisi ni eneo. Ukishachagua mradi ukae Ubelgiji au Frankfurt, hakuna kubadilisha. Ukitaka kwingine unafungua mradi mpya na kuhamisha kila kitu. Uamuzi mzito hivyo unaulizwa mwanzoni kabisa, wakati mgeni bado hajui anachokichagua.

Kwa anayeanza leo na tayari anaelewa kontena (programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji), atazame kwanza Cloud Run, huduma ya Google ya kuendesha kontena. Ndiyo Google wanayoisukuma sasa, na haikufungi kwenye lugha wala eneo moja kwa kila mradi. Lakini kijana aliyemaliza mfumo wake wa kwanza wa Flask au Laravel (zana kama hiyo kwa PHP) na hajawahi kugusa Docker, chombo cha kutengenezea kontena, App Engine itampeleka hewani leo hii, akiwa na njia salama ya kurudi nyuma. Mimi vyama vyangu sivihamishi.