Nimetumia Weka kutabiri mvua: mti ulionipa asilimia 100

Nianze na jina, maana kila niliyemwambia "natumia Weka" aliuliza, "Uweke nini?" Weka ni ndege wa New Zealand asiyeruka, na programu yenyewe, inayoifundisha kompyuta kutabiri kutokana na data, imetoka Chuo Kikuu cha Waikato, hukohuko. Ni ya bure, inahitaji Java, na ukishaipakua haikudai bando tena.

Inakuja na faili la mfano la hali ya hewa lenye siku 14 tu: jua, mawingu, unyevu, upepo, je, tucheze nje? Nikalimaliza kwa dakika mbili, nikajiona mtabiri. Ndipo nikapakua data ya Australia inayozunguka sana kwa wanafunzi: vituo 49, takribani miaka 10, mistari zaidi ya 140,000, na swali moja: kesho itanyesha?

Jioni ya kwanza ilipotea bure. Weka huitambua alama ya kuuliza kama pengo, lakini data hii huandika NA, basi safu za namba zikageuka maneno. Badilisha NA zote ziwe alama ya kuuliza kabla ya kufungua faili. Tarehe nayo niliifuta.

Nikaendesha J48, mti wa maamuzi wa humo, yaani maswali yanayogawanyika kama matawi hadi kwenye jibu. Usahihi asilimia 100! Nilishangilia, kisha nikautazama mti. Ulikuwa na swali moja tu: RISK_MM imezidi 1? Kumbe safu hiyo ni milimita za mvua ya kesho yenyewe, na toleo nililopata mimi lilikuwa bado nayo. Nilimpa mwanafunzi mtihani pamoja na majibu. Hapo ndipo nilipoupendea mti: unakuonyesha mwanafunzi aliangalia nini.

Nilipoiondoa RISK_MM, juu kabisa ya mti pakakaa unyevu wa saa tisa alasiri. Bibi yangu, anayekisia mvua kwa fukuto la mchana, asingeshangaa. Usahihi ukashuka hadi themanini na kidogo. Msinipongeze: humo siku kama 78 katika 100 hazina mvua, kwa hiyo hata ZeroR, mbinu ya humo isiyotazama chochote, anayejibu "hainyeshi" kila siku, anapata 78 akiwa amelala. Siku za mvua zenyewe, mti wangu ulikosa karibu nusu.

Tena ulikuwa msitu, matawi hayasomeki. Nimepandisha minNumObj, idadi ndogo kabisa ya siku zinazoruhusiwa kwenye jani (jibu lililo mwisho wa tawi), kutoka 2 hadi 1,000. Sasa naufuata kwa kidole.