Jibini za pembetatu kwenye kopo la shule: nimezijaribu wiki tatu hapa Mtwara

Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Mwezi wa pili alirudi shule akiomba "chizi za pembetatu" kama za mwenzake wa dawati moja. Nilizipata mjini kwenye duka lenye friji: boksi la duara, vipande vinane, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya fedha. Nimemfungashia wiki tatu.

Kwa ladha sina ugomvi nazo. Ni laini, hazina harufu kali, na ukimpakia kwenye mkate huhitaji siagi. Mtoto ambaye chapati hurudi nusu alikuwa ananiletea kopo tupu.

Joto ndilo lililonisumbua. Anatoka nyumbani saa moja kasoro, mapumziko ni saa nne, na Februari ya Mtwara mnaijua, jua na unyevu pamoja. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, chizi imekuwa uji." Boksi lenyewe limeandikwa ihifadhiwe kwenye ubaridi, na Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika upesi viwekwe kwenye ubaridi mapema. Basi nikawa nagandisha kichupa cha maji usiku, asubuhi nakizungushia kitambaa na kukilaza ubavuni mwa kopo. Hapo ikatulia, na maji ya baridi ya kunywa akapata. Lakini usiku umeme ukikatika barafu hakuna, na siku hizo sikumpa kabisa.

Halafu nikakaa na kusoma boksi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya dukani. Hii si jibini tupu. Jibini ya kawaida inayeyushwa kwa moto pamoja na maji, maziwa ya unga, siagi na chumvi za fosfeti au sitrati (si chumvi ya mezani), ambazo kazi yake ni kuzuia mafuta yasijitenge. Ndiyo maana inapakika vizuri hivyo. Boksi langu liliandika chumvi gramu 1.9 na protini gramu 9 kwa kila gramu 100. Kipande kina gramu 16, kwa hiyo vipande viwili ni kama gramu 0.6 za chumvi. Uingereza wanashauri mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 3 kwa siku, ina maana kopo limeshakula sehemu ya tano kabla hajagusa mkate, ambao nao una chumvi, na kabla ya samaki mkavu wa jioni. Sisi watu wa pwani chumvi tunayo ya kutosha mezani.

Na protini? Vipande viwili ni karibu gramu 3, yai moja la kuchemsha ni kama 6. Kwa bei ya boksi hilo napata mayai zaidi ya kumi. Kalsiamu ipo, sikatai, na kwa mtoto asiyekunywa maziwa hilo ni jambo la maana. Wangu maziwa anakunywa, na dagaa anawatafuna na mifupa yao.

Kwa hiyo nimebadilisha. Siku nyingi anabeba yai, ndizi au kipande cha muhogo wa kuchemsha, na korosho za kukaanga, ambazo huku kwetu hazitafutwi mbali na joto haziliogopi. Korosho nimemkataza kugawa, maana huwezi kujua mtoto gani ana mzio, na mdogo wake wa miaka miwili simpi nzima, zinaweza kumkaba. Jibini nimeibakiza Ijumaa tu, kipande kimoja ndani ya mkate, kichupa cha barafu kikiwepo. Alinuna siku mbili. Ijumaa iliyopita alinikumbusha mwenyewe kutoa kichupa kwenye friza.