Honda Vezel ya haibridi: tuchukue X, Z au RS?

Hamjambo watazamaji, na karibuni. Nyuma yangu mnaona Honda Vezel tatu za haibridi, za kizazi cha kwanza kilichotengenezwa hadi 2021, zilizoegeshwa katika yadi hapa Mombasa, na kwa mbali mtu angedhani ni gari moja lililopakwa rangi tatu. Moja ni X, ya pili ni Z na ya tatu ni RS. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu gari hili ni kama tofauti ya madaraja haya inastahili pesa ya ziada inayodaiwa. Nitalijibu kwa ajili ya mtu anayenunua Kenya gari lililokwisha kutumika Japani, na atakayeliendesha kwenye barabara zetu.

Kwanza kuna jambo ambalo wauzaji wengi hulipita haraka. Injini ya lita 1.5, mota ya umeme, betri ya lithiamu na gia boksi ya gia 7 ni zilezile katika madaraja yote ya haibridi, kwa hiyo anayelipia RS haongezewi nguvu hata kidogo, wala anayechukua X hapewi gari dhaifu. Hata kile kiti cha nyuma kinachopendwa na wengi, ambacho kikalio chake huinuliwa ili mzigo mrefu usimame wima, kimo katika zote, kwa kuwa tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele. Tazama pia namba ya chasisi: haibridi huanza kwa RU3 ikiwa inavutwa na magurudumu ya mbele, na RU4 ikiwa ya magurudumu manne, ilhali RU1 na RU2 ni za petroli tupu. Ile iitwayo Touring, iliyotoka mwaka 2019, ina injini ya petroli yenye tabo na si haibridi, kwa hiyo usikubali kuuziwa kama haibridi.

Sasa nitakaa kidogo kwenye gia boksi, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama utalifurahia gari hili au utalijutia. Ndani yake mna klachi mbili kavu, za jamii ileile ya klachi ya gari la gia za mkono, isipokuwa zinashikwa na kuachiwa na kompyuta badala ya mguu wako. Gari likiwa katika mwendo hakuna shida. Lakini likitambaa hatua kwa hatua, hasa penye mwinuko, klachi husuguana bila kushika kikamilifu, joto hupanda, na hatimaye dashibodi hutoa onyo kwamba gia boksi imechemka. Sisi wa Mombasa tunapajua mahali pa namna hiyo: ile njia ya kupandia kutoka kivuko cha Likoni, jua la adhuhuri, magari yameshikana na dereva wa nyuma hataki kungoja. Usilizuie gari lisirudi nyuma kwa kukanyagakanyaga mafuta. Likamate kwa breki, ngoja nafasi ya kutosha ifunguke mbele yako, kisha ondoka kwa mkupuo mmoja.

Sisemi haya kwa kuwatisha. Kufikia Oktoba 2014, Honda Fit ya haibridi, ambayo ni gari dogo lililo ndugu wa Vezel na inatumia mfumo huuhuu, ilikuwa imeitwa kiwandani kwa marekebisho mara 5, na wakuu wa Honda, akiwemo rais wa kampuni wa wakati huo Takanobu Ito, wakakatwa sehemu ya mishahara yao. Programu inayoiongoza gia boksi ilirekebishwa, lakini klachi zimebaki kuwa kavu, na hakuna herufi ya daraja inayobadilisha hilo.

Tofauti ya kweli iko kwenye magurudumu. X huvaa tairi za 215/60 katika rimu ya inchi 16, Z huvaa 215/55 katika inchi 17, na RS huvaa 225/50 katika inchi 18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo; ukipiga hesabu utaona kwamba ubavu wa tairi la X una takriban milimita 129, wa Z milimita 118, na wa RS milimita 112 hivi. Milimita hizo 16 au 17 zinazokosekana katika RS ndizo zinazopokea pigo la shimo kabla halijaifikia rimu, na zikikosekana, pigo linakwenda kwenye rimu, bushi na shokamzoba. RS ina pia usukani usiohitaji kuzungushwa sana ili kukata kona, na saspensheni iliyokazwa. Kwenye lami iliyonyooka ni raha kuiendesha, nami nakiri kwamba naipenda. Lakini ukiingia mtaani kwenye matuta yasiyo na alama na kingo za lami zilizomeguka, mgongo wako utakuwa wa kwanza kulalamika. Zaidi ya hayo, tairi za inchi 18 ni ghali kuliko za inchi 16, nawe utazinunua nne.

Kuhusu Z, unapata reli za juu ya paa, viti vyenye kitambaa bora na rimu nzuri zaidi. Viti vya mbele vya kupasha joto sioni vitatufaa wapi huku pwani.

Muuzaji anaweza kukwambia kwamba RS ndiyo yenye mfumo wa usalama wa Honda Sensing, ule wa kamera na rada unaofunga breki gari likikaribia kugonga. Tangu marekebisho ya Februari 2018 mfumo huo umekuwa wa kawaida katika madaraja yote, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa, zinazoshuka bandarini sasa ni za baada ya marekebisho hayo. Kumbuka tu kwamba kamera yake hukaa nyuma ya kioo cha mbele. Kioo kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe upya. Usilipie redio yenye ramani pia. Maandishi yake ni ya Kijapani, ramani haina Kenya, na masafa yake ya FM hayazifikii stesheni zetu nyingi.

Wengine hudhani RU4 ya magurudumu manne itafaa zaidi kwa njia mbovu. Hiyo imekusudiwa zaidi theluji ya Japani, ni nzito zaidi, ina difu ya nyuma ya kutunzwa, na uwazi wake chini ya tumbo ni milimita 170 ilhali RU3 ina 185. Kwa wengi wetu RU3 inatosha.

Mimi ningechukua X ya RU3, na ile pesa ambayo ningeiongeza ili nipate RS ningeitumia kutafuta gari lenye hali bora. Dai karatasi ya mnada ya Japani yenyewe, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, si picha iliyokatwa nusu, na usome alama: X yenye alama 4.5 ni bora kuliko RS yenye R, ambayo maana yake ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Kisha omba kuliendesha likiwa halijawashwa tangu asubuhi. Sikiliza kama linashtuka likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, lipandishe mwinuko polepole, kisha lirudishe nyuma kwenye mwinuko huohuo. Fundi aunganishe mashine ya uchunguzi asome hali ya klachi na betri kubwa, na afungue kichujio cha feni inayoipoza betri hiyo, kwa maana kikiziba vumbi betri huchemka na kuchakaa mapema. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, yadi ya pili iko ng'ambo ya barabara.