Pawa saplai ya paneli ya zamani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukifungua paneli kwenye kinu cha mawese Kigoma, kiwanda cha chumvi Uvinza au mtambo wa tumbaku Morogoro, unaweza kukuta PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) ya miaka ya 1990 ambayo bado ni nzima. Kinachochoka mapema ni pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa 230 kuwa volti ndogo za DC, kwa sababu kapasita zake za elektroliti hukauka. Kila joto likipanda nyuzi 10, maisha yake hupungua karibu nusu, na paneli iliyo jirani na boila haina huruma.

Kabla ya kutoa hela, jua pawa saplai iliyokufa inalisha nini. Ya raki, yaani inayochomekwa kwenye fremu ya moduli za PLC, huipa PLC yenyewe volti 5 pamoja na 24. Ya nje hulisha sensa, relei na vali kwa volti 24 pekee. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa: moduli ya 1746-P1 ya SLC 500, PLC ya Allen-Bradley, hutoa ampia 2 kwenye volti 5 na 0.46 kwenye volti 24, na 1746-P2 hutoa 5 na 0.96. Hakuna boksi la kawaida la volti 24 litakaloziba nafasi hiyo. Kwenye Siemens S5-115U, betri ya kumbukumbu imo ndani ya moduli ya umeme, hivyo ukiichomoa moduli hiyo bila kunakili programu, iliyo kwenye RAM (kumbukumbu inayotegemea umeme) inafutika.

1. Ya reli ya DIN (reli ya chuma ya kupachikia vifaa ndani ya paneli), mpya, ya kampuni inayojulikana. Kwa upande wa nje ndiyo chaguo la kwanza: PULS, Phoenix Contact, SITOP ya Siemens au Mean Well. Nyingi za Mean Well za reli hupokea volti 90 hadi 264, kwa hiyo umeme ukishuka au jenereta ikiyumba, hazizimi kirahisi. SDR-120-24 hutoa ampia 5 na huvumilia asilimia 150 ya mzigo huo kwa sekunde chache, jambo linalosaidia vali nyingi zikifunguka pamoja. NDR-120-24 ni nafuu na hutoa ampia 5 pia, ila haina akiba hiyo.

Ukubwa haukisiwi, unajumlishwa. Vali 6 za wati 10 ni ampia 2.5, sensa 12 za miliampia 30 ni 0.36, relei 10 za miliampia 40 ni 0.4, skrini ni 0.5. Jumla ni 3.76. Ongeza asilimia 30 upate 4.9, basi ya ampia 5 inatosha. Paneli ikiwa ya moto sana, chukua ya ampia 10, kwani joto hupunguza uwezo wake.

2. Moduli ya raki yenye namba ileile. Kwa raki hii ndiyo ya kwanza, ikipatikana. Jihadhari na "mpya" iliyokaa stoo miaka mingi: kapasita huzeeka hata bila kazi. Mwombe muuzaji aiwashe ikiwa imebeba mzigo wa umeme kwa nusu saa kabla hujalipa. Ukiagiza Dar, sema hilo mapema. Kurudisha mzigo kutoka Kigoma ni gharama.

3. Kuitengeneza uliyonayo. Ya zamani yenye transfoma kubwa inastahili. Weka kapasita za nyuzi 105, maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Kwa ya swichi (nyepesi, isiyo na transfoma kubwa), subiri na upime kwanza: kapasita ya upande wa 230 hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuzimwa.

4. Boksi la bati aina ya LRS la Mean Well. Ni rahisi na linafanya kazi kwenye paneli safi. LRS-150-24 ina swichi ya 115/230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ukaunga umeme wetu, inaungua. Kwenye vumbi la chumvi usiiweke.

5. Zisizo na jina, za taa za LED na kamera. Achana nazo. Mara nyingi ampia zilizoandikwa hazifikiki.

Kabla ya kufunga, angalia mambo mawili. Baadhi ya koili za zamani za vali na relei ni za volti 24 za AC. Ukizipa DC zinavuta mkondo mwingi na kuungua. Pia angalia kama 0V (waya wa hasi) ya zamani imeungwa na ardhi au imeachwa huru, uifuate hivyohivyo.

Ukiwasha, pima kwenye vali iliyo mbali zaidi, vali zote zikiwa zimefunguka. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya PLC, IEC 61131-2, kinataka volti 20.4 hadi 28.8. Ikiwa chini ya hapo, usikimbilie kuongeza skrubu ya volti. Badili kwanza waya mwembamba na terminali zilizoshika kutu.