Kanisa linalojua mvua, na dari isiyowafikia waumini

Watu wa Rungwe, mkoani Mbeya, wanapojenga huihesabu mvua kwanza, ndipo wahesabu fedha. Kanisa dogo la Moravian nililolitembelea mara mbili nje kidogo ya Tukuyu, Jumapili moja ya Septemba na nyingine ya Aprili, limejengwa kwa hesabu hiyo karibu kila mahali, isipokuwa pale ilipohitajika zaidi. Sitautaja ushirika wenyewe, kwa kuwa nina lalamiko zito juu ya jengo ambalo kwa mambo mengine nimelipenda.

Limesimama kwenye mteremko, kati ya migomba na shamba la chai. Kuta ni za matofali ya kuchoma ambayo hayakupigwa lipu kwa nje, juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano ulioinuliwa hadi kufikia goti la mtu mzima, na kuinuliwa huko ndiko kulikowaepusha na madoa ya tope yanayoharibu kuta za nyumba nyingi za huku. Paa ni la bati, lenye mwinuko mkali, na upenu wake umetokeza kiasi kwamba waliochelewa ibada ya Aprili walisimama chini yake bila kulowa. Mahali panapopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, upenu mrefu una thamani kuliko mnara. Gata zimefungwa kwa ustadi, nayo maji yote huishia kwenye simtanki mbili nyuma ya ofisi ya mchungaji.

Ndani mtu hupokewa na weupe. Kuta zimepakwa rangi nyeupe, bila picha wala vioo vya rangi, na mgeni anaweza kudhani kwamba fedha ziliishia njiani. Sivyo. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mapokeo ya Herrnhut, mji wa Ujerumani ulio kitovu cha Wamoravian, ambako tangu karne ya 18 ukumbi wa ibada huwa mweupe, hata mabenchi yake, ili macho yasitangulie masikio. Pambo pekee la kudumu hapa ni mchoro wa Mwanakondoo mwenye bendera nyuma ya mimbari, pamoja na maneno “Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate”, yaliyoandikwa na fundi aliyeanza na herufi kubwa mno, akalazimika kuzibana mwishoni. Kosa hilo ningeomba lisirekebishwe kamwe.

Mabenchi yanastahili sifa ya pekee. Ni ya mbao za paini, yamepigwa vanishi hafifu, migongo yake imelazwa nyuma kidogo, na vichwa vya misumari vimezamishwa visichane gauni la mtu. Mafundi wengi wa mabenchi ya kanisa hudhani kwamba kiuno cha muumini hakihitaji huruma; huyu aliketi kwanza juu ya kazi yake kabla ya kuikabidhi. Meza ya Bwana ni ya mninga, nzito, isiyo na nakshi, na mimbari imeinuliwa ngazi moja tu, hivyo anayehubiri yuko karibu na watu.

Septemba sauti ya mhubiri ilifika benchi la mwisho bila kipaza sauti, na tarumbeta, ambazo kwa Wamoravian ni sehemu ya ibada yenyewe, ziliujaza ukumbi bila kuyaumiza masikio.

Aprili mambo yalikuwa mengine. Dari ya mbao imefunika jukwaa, mimbari na sehemu ya kwaya, kisha ikakoma. Waumini wote waliobaki huketi chini ya bati tupu. Mvua ilipoanza katikati ya mahubiri, bati liligeuka ngoma, na kwa kuwa kuta ni tupu na sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa, kelele hizo hazikupata pa kuzama. Spika mbili zilizowashwa haraka ziliongeza mwangwi juu ya kishindo. Ajabu ni kwamba mhubiri, aliyekuwa chini ya dari, aliisikia sauti yake mwenyewe vizuri na hakujua kwamba hasikiki. Aliendelea kwa dakika kama ishirini, akiinua mkono mahali pa kusisitiza, nasi tukitazama midomo. Katika kanisa ambalo kila kitu kimepunguzwa ili Neno lisikike, sijui kasoro kubwa kuliko hiyo.

Kinachouma zaidi ni vigae vya kung'aa vilivyobandikwa kwenye ngazi za mlango mkuu. Vinateleza mara tu viatu vyenye tope vinapovikanyaga, na bibi mmoja ilibidi ashikwe mikono yote miwili ili apande. Saruji iliyokwaruzwa ingetosha, na fedha za vigae zingeisogeza dari mbele safu kadhaa za mabenchi.

Baada ya ibada nilimwuliza mzee mmoja wa kanisa kwa nini dari ilianzia mbele. “Mwanangu,” akanijibu bila kusita, “mbele ndiko maharusi wanakopigiwa picha.” Kisha, labda kwa kuona sikucheka, akanipeleka nyuma ya ofisi kunionyesha mbao za kumalizia dari, zilizonunuliwa kwa michango ya akina mama na kufunikwa turubai. Ni mbao nzuri, zilizonyooka, lakini zimelazwa moja juu ya nyingine moja kwa moja kwenye udongo, bila vijiti vya kupitisha hewa katikati, na zile za chini zimeanza kuota ukungu wa kijani. Nilimwomba aziinue juu ya matofali wiki hiyohiyo. Alisema angewaita vijana wa kwaya Jumanne.