Chupa na karatasi za kuuza: mapipa kila ghorofa au chumba kimoja chini?

Kwa jengo kubwa la ofisi hapa Mwanza mjini, chumba kimoja cha taka chini ni nafuu: mapipa machache, na mnunuzi wa chupa anapakia mkokoteni wake mlangoni. Lakini nani atashuka ghorofa sita na chupa moja ya maji? Ataitupa kapuni chini ya meza, juu ya miiba ya sato na ugali wa mchana, na karatasi ikishalowa mchuzi hainunuliki tena.

Mapipa ya kila ghorofa, karibu na sehemu ya chai, hupata karatasi safi. Ila dada wa usafi lazima azunguke kila jioni, na lifti ikigoma anabeba mgongoni.

Wapangaji wengi, lifti mbovu? Anzeni chini. Ofisi moja yenye karatasi nyingi? Wekeni juu, mbali na ngazi za dharura.