Shingo yangu na mashine ya wembe mmoja: uzoefu wangu wa miezi 14, Mbeya

Kwa miaka kama kumi nilikuwa nafunga kifungo cha juu cha shati kwa tahadhari, maana kola ikigusa shingo ilikuwa inawaka. Vipele vya ndevu. Wenye nywele za kipilipili mnanielewa: unanyoa Jumatatu, Jumanne shingo imevimbavimba, Alhamisi vingine vimetunga usaha, na vikipona vinaacha madoa meusi. Nimepita kote. Mashine ya umeme ya saluni, poda ya kunyolea inayonuka mayai viza, mashine za plastiki za kutupa zenye makali matatu. Niliacha ndevu ziote, lakini kazi yangu haikuruhusu.

Kilichonisaidia nilikiokota kwenye meza ya vyombo vya mtumba sokoni Mwanjelwa, katikati ya vijiko na vikombe vya bati. Kipande cha chuma kizito, kifupi kama kidole. Nikamuuliza mama muuzaji ni kitu gani.

"Hiyo ya kunyolea, baba. Wazee wetu walinyolea hizo, kabla ya hizi za plastiki."

Alitaka elfu nane, tukamalizana elfu sita na mia tano. Ndaga (asante), mama, popote ulipo.

Ina vipande vitatu tu: mpini, sahani ya chini, na kofia. Wembe unalazwa katikati, ukikaza mpini kofia inaupinda kidogo, makali yanachungulia pande zote mbili. Basi. Hakuna springi wala plastiki. Chini ya sahani imechapwa jina la Gillette na kwamba imetengenezwa Uingereza. Nilikuja kujua kwamba ni aina iitwayo Tech, ambayo ilianza kutoka mwaka 1938. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Mmarekani King C. Gillette alitaka wembe mwembamba wa bei ndogo, ukiisha makali unatupa, hunoi. Mwaka 1903, alipoanza kuuza, ziliondoka mashine 51 na nyembe 168 tu. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata 1904. Na mpaka leo ukiingia kiduka chochote cha Uyole au Mafiati ukaomba wembe, ule wa kufumulia nguo na kukatia kucha, unaingia kwenye mashine hii bila shida. Wembe ni ule ule. Hili lilinigusa sana, kwamba chuma cha miaka mingi hivyo kinalishwa na duka la mtaani kwangu.

Kwa kuwa ni mtumba, usafi kwanza. Huku kwetu tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo niliichemsha muda mrefu, nikaisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni, kisha nikailaza kwenye spiriti usiku kucha. Asubuhi ilikuwa inang'aa.

Siku ya kwanza nilijikata. Nilikuwa nimezoea kukandamiza kama tunavyofanya na zile za plastiki, na nilipofika kwenye koromeo wembe ukaingia. Damu ilichukua nusu saa kukata, na mke wangu akaniambia niirudishe sokoni. Nashukuru sikumsikiliza. Kosa halikuwa la mashine. Mashine hii haitaki nguvu ya mkono, uzito wake wenyewe unatosha. Unaweka kofia shavuni, unashusha mpini taratibu mpaka usikie makali yameanza kugusa nywele, kama nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, na hapo unavuta vipande vifupi vya sentimita mbili, huku mkono wa pili ukinyoosha ngozi. Utasikia sauti, kama mtu anakwangua karatasi mbali. Sauti ikinyamaza, pembe imepotea.

Jambo la pili ni maji. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe zako tia maji, na mimi nilikuwa nausikia kama methali ya tahadhari tu. Ni maelekezo ya kunyoa pia! Unywele mkavu ni mgumu, ukinywa maji ya moto dakika mbili tatu unalainika kabisa. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imeshuka kutoka mlima Loleza na bomba linatoa maji ya kuumiza vidole, sinyoi bila birika. Nalaza taulo la moto usoni, nahesabu pole pole. Kisha naanza povu.

Povu ndilo lililonifanya niite jambo hili starehe. Brashi niliagiza Kariakoo, ya nyuzi za kutengenezwa, Sh 15,000. Nachukua krimu ya tyubu kiasi cha punje ya haragwe, naizungusha kwenye bakuli, naongeza maji matone machache machache. Mwanzoni ni mapovu makubwa kama ya kufulia, huyataki hayo. Endelea dakika moja, mbili, mpaka liwe zito, lenye kung'aa, linasimama kwenye brashi kama mtindi mgando. Kwa maji ya kwetu linakuja upesi. Nilipokaa wiki Dodoma kwa maji ya kisima yenye chumvi, krimu ileile, brashi ileile, povu lilikataa. Chokaa na magnesi ndani ya maji vinaila sabuni kabla haijatoa povu. Nikanunua maji ya chupa kwa ajili ya kunyolea. Sijuti.

Sasa kwa nini vipele vimeondoka? Nywele zetu zimejikunja. Mashine yenye nyembe mbili au tatu, wembe wa kwanza unauvuta unywele, unaofuata unaukata ukiwa umevutwa, kisha unywele unarudi chini ya ngozi. Ukianza kuota tena, ncha yake kali inatoboa ngozi kutoka ndani, au inajipinda na kuingia ubavuni, mwili unapigana nao kama mwiba. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, hauvuti. Kwa hiyo sitafuti shavu laini kama la mtoto. Nanyoa kufuata nywele zinakoelekea, mara moja, napaka povu tena, mara ya pili napita kwa ubavu. Kinyume sipiti kamwe. Na shingoni chunguza kwanza kwa vidole: zangu upande wa kushoto zinalala kuelekea sikioni, jambo ambalo sikulijua kwa umri wote huu.

Namalizia na maji baridi, kipande cha shabu kilicholowa, nakaa nacho dakika moja, kinachoma kidogo pale nilipokosea. Halafu matone mawili ya mafuta ya parachichi, yapo huku kwetu, hayana marashi ya kuwasha. Nanyoa siku moja, napumzika siku moja. Vipele vipya vilianza kupungua baada ya wiki tano. Madoa yalichukua karibu miezi minane kufifia.

Nyembe hazifanani, hili mlijue. Nimejaribu aina saba. Moja ya bei ya chini kabisa ilinivuta nywele kama kibano, niliitupa kabla sijamaliza shavu. Feather ya Kijapani ni kali mno, si ya kuanzia. Nimetulia na Nacet, wembe mmoja mara nne, ya tano nisiifikirie. Gharama yangu ya mwezi haifiki elfu moja na mia tano, ukiacha krimu.

Mapungufu yapo. Inakula dakika ishirini, kwa hiyo ukiwahi basi la Tunduma alfajiri haikufai. Chini ya pua kofia ni pana, inabidi uvute pua juu. Kwenye ndege huwezi kubeba wembe kwenye begi la mkononi. Na nyembe zilizokwisha zina hatari kwa watoto na kwa wanaozoa taka: mimi nimetoboa mwanya kwenye kopo la maziwa, natumbukiza humo, likijaa nalifunga kwa gundi ya karatasi.

Kijana wa nyumba ya pili ameniona shingo, akaja Jumamosi kuuliza. Nilimketisha, nikamwonyesha povu mwanzo mwisho, akapiga brashi mwenyewe kwenye bakuli mpaka akacheka. Aliponiomba aijaribu mashine nilikataa. Wembe na damu si vitu vya kuazimana. Tumekubaliana wiki ijayo twende pamoja Mwanjelwa, meza ileile ya vyombo.